Gari la Spoti kwa Mtu wa Kipato cha Wastani — Sehemu ya Pili: Uzito

Juma lililopita tulimketisha mnunuzi wetu, mkaaji wa Marekani awezaye kutoa dola 30,000 au kuzidi kidogo, mbele ya hesabu za mkopo na bima, wala hatukumwachia mpaka alipozimaliza. Leo twaingia naye uwanjani kwa muuzaji, ambako magari mapya yamepangwa safu kwa safu, na jambo la awali nimsihilo ni hili: kabla hajauliza injini ina nguvu za farasi ngapi, aulize gari lina kilo ngapi. Swali hili aghalabu humtatiza muuzaji, kwani nguvu huandikwa kwa herufi kubwa katika kila tangazo, ilhali uzito hutupwa katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi ambazo mtu wa makamo hazisomi ila kwa miwani.

Gari liwapo mwendoni hubeba nishati iongezekayo kwa kadiri ya uzito wake na kwa mraba wa kasi yake, na nishati hiyo, dereva akanyagapo breki, haina pa kwenda ila kugeuka joto katika diski na pedi. Na gari likatapo kona, kinachouzuia uzito wote huo usitoke nje ya njia ni mpira wa tairi peke yake, hapo unapogusa lami, mahali pasipozidi sana ukubwa wa kiganja kwa kila gurudumu. Nguvu ya injini humfaa dereva katika jambo moja tu, nalo ni kuongeza mwendo; wepesi humfaa katika kuongeza mwendo, na kuupunguza, na kugeuka, kadhalika na kwenye kituo cha petroli na kwa muuza matairi. Fauka ya hayo, mhandisi aliyeunda gari zito hana budi kulipa breki pana zaidi, springi ngumu zaidi na matairi makubwa zaidi, na kila kimoja katika hivyo kina uzito wake mwenyewe, na kina bei yake siku ya kubadilishwa. Tajiri aweza kulidharau hilo. Mtu aliyejikakamua kulipa bei ya gari, kisha akatoka jasho mbele ya bei ya matairi manne, hawezi.

Na tuchukue mfano. Mazda MX-5, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi wa Februari 1989, na ambayo Wamarekani huiita Miata, leo ina uzito wa kilo 1,060 hivi na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 181. Hyundai Elantra N ina farasi 276, yaani imeizidi kwa nusu na ushei, na atazamaye tarakimu hiyo pekee atadhani shauri limekwisha. Walakini Hyundai hiyo ina kilo 1,450 hivi, na tukizigawa nguvu kwa uzito, Mazda yapata farasi 171 kwa kila tani na Hyundai yapata 190, hata ile ziada ya nusu nzima imesinyaa ikawa kama sehemu moja ya tisa. Sisemi kwamba Hyundai ni gari baya, hasha. Katika njia iliyonyooka itaiacha Mazda bila taabu. Ila njia iliyonyooka ndipo mahali ambapo gari lolote la siku hizi, hata la kupeleka watoto shule, huweza kwenda kasi kuliko sheria inavyoruhusu, na raha ya gari la spoti kwa mtu asiyependa kuitwa mahakamani hupatikana katika kona, kwa mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa.

Wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki wana ushahidi wao wenyewe katika jambo hili. Katika Safari Rally ya 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, na aliyemfuata, Björn Waldegård wa Sweden, alikuwa katika Porsche 911. Najua kwamba matope ya Safari si lami ya Ohio, na kwamba ushindi ule ulikuwa wa dereva na wa uimara wa chombo pia. Hata hivyo, siku ile wingi wa farasi haukuwa hoja.

Turudi uwanjani kwa muuzaji. Mazda ina aibu yake: viti viwili tu, na buti la kutia begi moja au mawili, basi. Mwenye watoto wadogo aweza kutazama Toyota GR86 au pacha wake Subaru BRZ, yaundwayo yote mawili katika kiwanda cha Subaru mjini Ota, Japani. Injini yake ya lita 2.4, yenye farasi 228, ina pistoni zilizolazwa kuelekeana kushoto na kulia, hivi kwamba uzito wake umekaa chini, karibu na barabara, na gari haliyumbi sana likatapo kona. Nalo kwa jumla lina kilo zisizofika 1,300. Viti vya nyuma vipo, lakini mtu mzima hatavipenda. Mwenye watoto warefu na aende kwa Honda Civic Si, ya milango minne, farasi 200, gia za mkono peke yake, na difu izuiayo gurudumu moja la mbele lisizunguke bure ilhali jingine lina kazi. Kwa mtu wa gari moja nyumbani, hilo ndilo ningelichagua. Volkswagen Golf GTI, iliyoanza kuuzwa 1976 ikiwa na farasi 110 na kilo 810 hivi, ndiyo baba wa jamii hii nzima ya magari ya nyumbani yaendayo kasi. Leo imefika farasi 241 na kilo zaidi ya 1,400, na tangu ile ya 2025 Marekani haiuzwi tena na gia za mkono, jambo ambalo kwangu mimi limeondoa nusu ya sababu ya kuinunua.

Katika kulijaribu gari, mnunuzi wetu asikubali kupelekwa barabara kuu. Atafute mtaa wenye mabonde na mizunguko, akanyage breki kwa nguvu mara moja pasipo na mtu nyuma, na asikilize kama usukani wamwambia lolote juu ya lami. Kisha atazame matairi: magari haya mengi hutolewa na matairi ya kiangazi, ambayo mpira wake huwa mgumu joto lishukapo chini ya nyuzi 7 hivi, na mkaaji wa Minnesota ajuaye baridi ya kwao lazima ahesabu seti ya pili tangu siku ya kwanza. Ahesabu hivyo kabla hajaisoma karatasi ya bei iliyobandikwa kiooni, ambayo sheria ya 1958 yamlazimu mtengenezaji kuiweka lakini haimlazimu muuzaji kuifuata. Na habari za nyongeza ziandikwazo pembeni mwake tutazichambua juma lijalo, inshallah.