Haki za Mtoto na Mwanachuo (2): Likizo Ndefu Ina Kazi

Katika sehemu ya kwanza tulimtazama mtoto kama anavyoelezwa na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009: kila aliye chini ya umri wa miaka 18, awe shuleni, mtaani, kazini au amekwisha kuozwa. Leo tugeukie wanachuo wanaojitolea kumtetea.

Kila mwaka tarehe 16 Juni inapokaribia, vyuo vyetu huchangamka. Fulana zinachapishwa, basi linakodiwa, sabuni na biskuti zinachangwa, na safari inaelekea kwenye kituo cha kulea watoto kilicho jirani na chuo. Wanafunzi wanacheza na watoto, wanapiga picha, jioni wanarudi bwenini. Moyo huo ni mwema na siubezi. Lakini tarehe hiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana, wakapigwa risasi na polisi. Watoto wale walikuwa na dai, na walimjua wanayemdai. Kijana anayeandaa safari ya Juni aulizwe vivyo hivyo: unadai nini, na kwa nani?

Kwa maoni yangu, mahali ambapo mwanachuo anaweza kuleta mabadiliko makubwa ni kijijini kwao, wakati wa likizo ndefu. Nitaeleza kwa nini, na inabidi nipitie sheria kidogo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata akiwa na miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Bila kibali hicho, mvulana sharti afikishe miaka 18. Kanuni ya Adhabu nayo, baada ya marekebisho ya mwaka 1998, inahesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 hata akiwa ameridhia, isipokuwa awe mke wa mtu huyo na ametimiza miaka 15. Tendo ni lilelile na binti ni yuleyule, lakini harusi ikishafungwa kosa linatoweka. Kisha mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Ukiziweka sheria hizi tatu pamoja utaliona pengo. Binti mwenye sare ya shule ana ukuta wa miaka 30 unaomkinga. Binti wa umri huohuo aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, hana. Ndiyo maana wapo wazazi wanaomwambia binti yao aandike majibu ya ovyo kwenye mtihani, ili asichaguliwe na mahari isichelewe. Walimu wamelisema jambo hili kwa miaka mingi, na kila mara ninapolisikia nashindwa kulizoea.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi iliyo katikati ndiyo ya hatari. Na vyuo vyetu vingi hufunga kati ya Julai na Oktoba. Mwanachuo yupo nyumbani wakati binti wa jirani anajiandaa na mtihani, na mara nyingi bado yupo wakati posa zinaanza kupelekwa. Shirika la kutoka mjini haliwezi kuwapo kila kijiji kwa wakati huo, na hata likifika litahitaji mwenyeji. Mwanachuo anaijua lugha ya kwao, anamjua mwenyekiti wa kijiji, anajua nani ana sauti kwa baba wa yule binti.

Sasa, afanye nini? La kwanza ni dogo: akae na watahiniwa, awasaidie hesabu na Kiingereza, na awaambie waziwazi kwamba kujifelisha si utii. Anayesema hivyo akiwa amesoma shule ileile anasikilizwa kuliko bango lolote. La pili, awaeleze wazazi mambo ambayo hayajawafikia. Kwa mfano, tangu Novemba 2021 Waraka wa Elimu namba 2 unamruhusu msichana aliyeacha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Pengine kuna mzazi anayemuoza binti yake baada ya kujifungua kwa kuamini kwamba mlango wa shule umeshafungwa.

La tatu ni zito. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inakiukwa kuzipeleka kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo lake. Ni wajibu wa kila mmoja, na mwanachuo hawezi kusema kwamba hayamhusu kwa kuwa yeye ni mgeni wa miezi mitatu. Taarifa ikifika, afisa ustawi wa jamii anaweza kumwita mhusika na kulizungumza. Kama kuna kipigo au ubakaji, njia ni dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, fomu ya polisi ya PF3, kisha hospitali. Palipo na kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na mshauri wanapatikana chini ya paa moja. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Baada ya taarifa kutolewa ndipo kesi nyingi hufia. Mtoto ameumizwa, wazee wamekaa, ng'ombe wamelipwa, imesemwa "yaishe". Siku ya mahakama shahidi haonekani, na kesi inaondolewa. Mwanachuo anayejitolea kufuatilia faili moja tu hadi mwisho, akamkumbusha mama tarehe ya kesi, akamtafutia nauli, akakaa naye kwenye benchi la mahakama, amefanya kazi ambayo mikutano mingi ya kampeni haifanyi.

Ugumu upo, na nisingependa kijana aupuuze. Mara nyingi anayemuoza binti ni mjomba, au baba mdogo aliyemlipia mwanachuo huyo ada. Kijana atasemwa kwamba chuo kimempa kiburi. Katika hali hiyo asijitokeze peke yake hadharani. Atafute kwanza shangazi, mwalimu mkuu, shehe au mchungaji anayeheshimika. Na kama hakuna anayethubutu, apige simu. Usalama wa mtoto usigeuzwe kuwa ugomvi wa heshima kati ya kijana na wakubwa zake, kwa sababu ugomvi huo ukizuka atakayepotea ni binti.

Pia asijifanye wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka watoa huduma hiyo wasajiliwe, kwa hiyo mwanafunzi afanye kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa. Desturi hii si ngeni kwetu: Kitivo cha Sheria cha Mlimani, ambacho sasa ni Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960. Na tafadhali, asirushe mtandaoni picha ya mtoto aliyeumizwa. Sura ile itabaki huko mtoto akiwa mtu mzima, akiomba kazi, akilea watoto wake.

Mtu atauliza kama kazi ya kijiji kimoja inaweza kuigusa sheria yenyewe. Rebeca Gyumi alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaanzisha Msichana Initiative, na mwaka 2016 akaenda Mahakama Kuu kupinga vile vifungu vya 13 na 17. Mahakama ilikubali kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha na kuweka miaka 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Ule mwaka mmoja ulipita sheria ikiwa vilevile, na mabishano yakahamia bungeni na kwenye vikao vya kukusanya maoni.

Humo ndimo kumbukumbu za kijijini zinapohitajika. Anayetoa maoni mbele ya kamati ya Bunge akiwa anajua, bila kutaja majina, mabinti wangapi wa shule yake ya zamani walimaliza darasa la saba na wangapi wameolewa kabla ya Januari, anazungumza jambo ambalo mbunge wa jimbo hilo hawezi kulikwepa kwa urahisi. Vyama vya wanachuo vikikubaliana kukusanya hesabu hizo kwa njia moja, kila mmoja kwao, kwa likizo mbili tatu mfululizo, nchi itapata kitu ambacho haina sasa.

Sehemu ya tatu itamwangalia mtoto wa kiume kwenye machimbo ya dhahabu, na umri wa miaka 14 ambao sheria inauruhusu kwa kazi nyepesi peke yake.