Klipu Ile Usiikaze Kwanza

Tulikuwa tumeshaipita Mackinnon Road, mwanangu kasinzia kiti cha nyuma kando ya sanduku lake la chuo, nilipouona mshale wa joto unapanda. Kabla sijapata pa kuegesha, ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Nikashukuru Mungu, nikaendelea. Kilomita tatu mbele, mvuke ukafoka kwenye boneti na injini ikazima.

Kilomita tatu hizo zinaniuma mpaka leo. Kifaa kinachopima joto hukaa ndani ya maji ya injini. Maji yakimwagika yote, kifaa hicho hubaki hewani, na mshale huweza kuanguka huku injini inaungua. Ukiona umepanda kisha umeshuka ghafla, simama na uzime gari hapo hapo.

Siku mbili kabla, gari lilikuwa kwa mawakala wa kampuni iliyoliunda, mjini Mombasa. Walibadilisha pampu ya maji kwa shilingi 41,000. Fundi wa mtaani kwetu angefanya kwa nusu ya bei, lakini nilitaka kazi yenye karatasi na dhamana.

Pale tulipokwama, fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Maungu. Tulingoja injini ipoe karibu saa nzima. Mfuniko wa radieta ukifunguliwa moto, maji huruka na kumchoma mtu uso. Kisha akamulika kwa simu. "Mama, mpira wa chini umechomoka. Klipu ni ya zamani, na haikukazwa."

Akashika spana airudishe. Nikamzuia. "Ngoja, mwanangu. Usiiguse."

Klipu ile ndiyo iliyokuwa shahidi wangu. Ingekazwa pale barabarani, ningebaki na maneno matupu. Nilipiga picha za klipu, za mpira na za kilomita kwenye dashibodi: 140 tangu gari litoke gereji. Nikamrekodi fundi akieleza alichokiona. Mwanangu nikampandisha basi la Nairobi, gari likavutwa kurudi Mombasa. Sikulipeleka kwa mawakala moja kwa moja. Kwanza nilimlipa fundi mwingine alikague na aandike ripoti yenye sahihi: gasketi ya hedi imeungua, na hedi yenyewe, ambayo ni ya alumini, imepinda.

Meneja wa gereji aliniambia kosa ni langu, ningesimama mapema. Kweli, ningesimama mapema. Lakini maji yale hayakumwagwa na mimi. Alinipa punguzo la gharama ya ufundi, nikalikataa.

Nikaandika barua, nikaambatisha risiti, picha na ripoti, nikawapa siku 14. Nilitaja Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa kasoro ya huduma hiyo. Nikawaeleza pia kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Siku ya kumi na moja walinipigia simu. Hedi imechongwa upya na gasketi ni mpya, kwa gharama yao. Safari hii niliomba vipuri vya zamani nirudishiwe, nikasimama mpaka nikavipata mkononi.

Shilingi 18,000 za kuvuta gari wamekataa kunilipa. Madai yangu niliyawasilisha mahakamani Jumatatu.