Pedali ya mwangwi ya bei nafuu: Ni nani itamfaa?

MPIGA gitaa anayeanza kujikimu kwa muziki huwa na kibarua kigumu kila anapoweka akiba kidogo: anunue chombo gani kwanza? Aghalabu roho huvutwa na pedali ya mwangwi, yaani kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu ili kila noti inayopigwa isikike tena mara moja au zaidi. Pedali zenye sifa ni ghali. Ndiyo maana wengi huishia kuiulizia Behringer VD400, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikiuzwa ng'ambo kwa chini ya dola 50 za Marekani.

Je, hiyo ni nafuu ya kweli au ni pesa za kutupa? Jibu lategemea zaidi aina ya muziki anaoupiga mnunuzi kuliko kifaa chenyewe.

VD400 si chombo cha kidijitali. Haigeuzi sauti kuwa tarakimu na kuihifadhi kama ifanyavyo kompyuta. Ndani yake mna saketi ya aina iliyobuniwa mwaka wa 1969 na watafiti wa kampuni ya Philips nchini Uholanzi, ambayo hufanya kazi mfano wa watu waliojipanga foleni wakipokezana ndoo za maji ili kuzima moto. Umeme unaobeba sauti ya gitaa hupitishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na muda unaotumika njiani ndio kuchelewa kwa mwangwi.

Ndoo zikipokezanwa upesi, mwangwi huja haraka nao huwa wazi. Zikipokezanwa polepole mwangwi huchelewa, lakini hapo saketi hulazimika kuchuja sauti nyembamba za juu ili kelele zake zenyewe zisisikike. Matokeo ni mwangwi uliofifia kidogo. Ajabu ni kwamba kasoro hiyo ndiyo wapigaji wengi huipenda, kwani mwangwi uliofifia hukaa nyuma ya noti mpya badala ya kushindana nayo. Kwa sababu hiyo pedali ya Boss DM-2, iliyotolewa nchini Japani mwaka wa 1981 na kuachwa kuundwa miaka michache baadaye, iliendelea kusakwa hata kampuni hiyo ikaitoa upya mwaka wa 2014.

VD400 imefuata mtindo huo huo. Ina vitufe vitatu vya kuzungushwa: cha muda wa kuchelewa, cha kiasi cha mwangwi, na cha wingi wa marudio. Hiki cha mwisho kinahitaji uangalifu. Kikizungushwa hadi mwisho, mwangwi hujilisha wenyewe na kupanda hadi ukawa ukelele, jambo linaloweza kumwaibisha mpigaji mbele ya hadhira.

Kikwazo kikubwa ni muda. Mwangwi wa VD400 hauwezi kuchelewa zaidi ya milisekunde 300 hivi, yaani chini ya thuluthi moja ya sekunde. Ili kujua iwapo zinatosha, gawanya 60,000 kwa idadi ya midundo katika dakika moja. Wimbo wa midundo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila mdundo, na nusu ya mdundo ni 250. Mpiga solo wa benga, ambaye noti zake hufuatana mbiombio, hapungukiwi na chochote hapo. Kwa hakika mwangwi mrefu zaidi ungemvurugia kazi.

Sivyo ilivyo kwa mpigaji wa nyimbo za polepole za kuabudu kanisani. Wimbo wa midundo 70 una milisekunde 857 kwa kila mdundo. Mwangwi wa robo tatu za mdundo, unaopendwa sana katika nyimbo hizo, unahitaji takriban milisekunde 640. VD400 haifiki hapo hata kwa kubembelezwa. Mpigaji wa aina hii ni heri asubiri, aongeze akiba, anunue pedali ya kidijitali.

Kuhusu uimara, kasha la VD400 ni la plastiki ilhali la Boss ni la chuma. Nyumbani au studioni si neno, ila kwa bendi inayosafiri kila wikendi vyombo vikiwa vimerundikwa garini, tofauti hiyo ni kubwa. Kubadilisha betri nako kunachosha, kwa kuwa sharti kifuniko kifunguliwe kwa kubonyeza vishikizo vyake vya ubavuni.

Usisahau umeme. Pedali hutumia volti 9, na baadhi ya wanunuzi hutumiwa vifaa na jamaa walio Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Adapta iliyoundwa kwa umeme huo pekee ikichomekwa kwenye volti 240 za Kenya huungua mara moja, na huenda ikaiharibu pedali pia. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta kabla ya kuichomeka.

Anayenunua iliyotumika aende na gitaa lake mwenyewe. Akanyage swichi mara kadhaa, azungushe kila kitufe polepole akisikiliza mikwaruzo, kisha aongeze muda hadi mwisho na kunyamazisha nyuzi. Mvumo mdogo ni wa kawaida kwa saketi hii, lakini ukisikika kupita gitaa lenyewe, amrudishie muuzaji pedali yake.