Jiji Lisilo na Mlima

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nawapeleka Rotterdam, jiji la bandari huko Uholanzi, ambako kwa kawaida kila Aprili watu humiminika barabarani kukimbia kilomita 42 na mita 195.

Jiji hilo ni la kale. Ndiko alikozaliwa mwanachuoni Erasmus, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Lakini ukienda leo katikati ya mji, nyumba za kale ni za kuhesabu. Mei 14, 1940, ndege za Ujerumani zililipiga mabomu, na moto ukateketeza karibu kila kitu hapo kati. Jumba la baraza la jiji, kwenye barabara ya Coolsingel, lilinusurika. Barabara hiyohiyo ndiyo wanayomalizia wakimbiaji.

Ardhi ya huko ni tambarare tupu. Sehemu kubwa ya jiji iko chini ya usawa wa bahari, na maji huzuiwa kwa kingo na pampu. Mwinuko unaosikika miguuni hasa ni daraja la Erasmus, nalo huvukwa kwenda na kurudi.

Najua mtaniuliza, "Babu, tambarare inamsaidia nini mkimbiaji?" Sikilizeni. Ukipanda mlima, unatumia nguvu nyingi. Ukiteremka, hurudishiwi zote, maana miguu inahangaika kukuzuia usiporomoke. Kwenye tambarare hasara hiyo haipo. Tena Aprili kule kuna kibaridi, na mwili unaochemka kwa mbio hupoa upesi. Ndiyo maana mwaka 1985 Carlos Lopes wa Ureno aliweka rekodi ya dunia hapo kwa saa 2:07:12. Mwaka 1988 akaja Belayneh Dinsamo wa Ethiopia, akamaliza kwa saa 2:06:50, na rekodi yake ikadumu miaka 10.

Lakini msidhani tambarare inagawa ushindi bure. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pasipo mlima wa kukupunguzia mwendo, unajiona una mbawa, unatoka mbio kuliko uwezo wako. Mwili nao una akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Ukiitapanya mapema, karibu na kilomita ya 30 miguu inakuwa mizito, na watu uliowapita wanaanza kukupita mmoja mmoja. Upepo nao, ukivuma, hauna kilima cha kuukinga.

Aliyelijua hilo vyema ni Tegla Loroupe, binti wa Pokot Magharibi, Kenya, aliyezoea tangu utotoni kwenda shule mbio. Aprili 1998, akiwa na umri wa miaka 24, mwili mdogo kabisa, alikimbia Rotterdam huku wanaume wakimwekea kasi. Wapo walionung'unika kuhusu wanaume hao, lakini miguu iliyofika ilikuwa yake. Alimaliza kwa saa 2:20:47. Pigeni hesabu: ni dakika 3 na sekunde 20 kwa kila kilomita, kilomita baada ya kilomita, bila kupumzika. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika rekodi ya dunia ya marathoni.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Ingrid Kristiansen wa Norwei, saa 2:21:06, iliyokaa miaka 13. Tofauti yao ni sekunde 19 tu. Kwa mwendo ule, sekunde 19 ni mita 95 hivi, hazizidi urefu wa kiwanja cha mpira. Ukipoteza nusu sekunde tu katika kila kilomita, zote zimekwisha!

Kesho mkiwa uwanjani, kimbieni raundi nne, mwenzenu mmoja ashike saa. Asishangiliwe atakayeongoza raundi ya kwanza. Mshangilieni yule ambaye raundi yake ya nne italingana na ya kwanza.