Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Ufundi wa Piano
Piano halisi si nyingi mjini Arusha. Kwa hiyo, wewe mkazi wa Kaloleni unayetaka kuwa fundi wake, uliza kwanza utafanyia mazoezi piano ngapi. Kinanda cha umeme hakihesabiki; hakina nyuzi. Piano ina vibonye 88 na nyuzi zaidi ya 200, na kuzilinganisha sauti ni kazi ya sikio na mkono, isiyopatikana kwa wiki mbili. Tunakushauri uhakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, na udai risiti kwa kila malipo. Ukijifunza kwa fundi binafsi, andikianeni muda, ada na, jambo linalosahauliwa mno, nani atalipia uzi ukikatika mikononi mwako.