PASAKA YA WAYAHUDI: KUKAA NYUMBANI AU KUSAFIRI?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Msimamizi wa darasa ataandika ubaoni maneno manne: chachu, msafara, desturi, gharama. Yasomeni pamoja, polepole, mara mbili.

(Kituo kifupi.)

Vema. Maneno hayo tutakutana nayo katika somo la leo.

Jambo tunalotaka kueleza ni hili. Kila mwaka, mwezi wa Machi au Aprili, Wayahudi hufanya sikukuu yao ya Pasaka. Na kila mwaka, kabla ya sikukuu kufika, jamaa nyingi huko Israeli, Marekani, Uingereza na kwingineko huulizana: Je, mwaka huu tutaandaa Pasaka nyumbani kwetu, au tutafunga mlango na kwenda mahali pengine? Swali hili laonekana dogo. Lakini ndani yake mna mambo ya dini, ya fedha, ya kazi ya wanawake, na ya malezi ya watoto.

PASAKA HII NI NINI?

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Pasaka ya Wakristo ni ukumbusho wa kufufuka kwa Yesu. Pasaka ya Wayahudi ni ukumbusho wa siku walipotoka utumwani katika nchi ya Misri, wakiongozwa na Musa. Habari za Musa na Firauni zinajulikana kwa Waislamu na kwa Wakristo pia. Kitabu cha Kutoka chasema watu waliondoka kwa haraka, hata unga waliokuwa wameukanda haukupata wakati wa kuumuka. Kwa hiyo siku zote za Pasaka Wayahudi hawali kitu chenye chachu. Katika Israeli siku hizo ni saba. Nje ya Israeli Wayahudi wengi hushika siku nane.

Badala ya mkate wa kawaida hula mkate mwembamba uitwao matza. Matza haina hamira, ni unga na maji tu, na desturi ni kwamba tangu maji yakutane na unga mpaka mkate uwe umeokwa zisipite dakika 18.

Siku yao huanza jua linapokuchwa, kama vile watu wa pwani wanavyosema "usiku wa Ijumaa," nao wakimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Usiku wa kwanza wa Pasaka hufanyika karamu iitwayo Sederi, maana yake "utaratibu." Watu hukaa mezani, husoma kitabu kiitwacho Hagada, hunywa vikombe vinne vya divai, hula matza na majani machungu ya kukumbusha uchungu wa utumwa. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza maswali: kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine? Wazee humjibu kwa kusimulia habari ya kutoka Misri. Kwa hiyo mwaweza kusema kwamba usiku ule meza ni darasa, na mwalimu ni mzazi.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa tuangalie kazi. Sheria haisemi tu kwamba mtu asile chachu. Yasema pia kwamba chachu isionekane kwake, wala isiwe mali yake. Neno chachu hapa si hamira peke yake. Ni kila kitu kilichofanywa kwa ngano, shayiri, au nafaka nyingine tatu za jamaa hiyo, kikapata maji na kuachwa mpaka kikaumuka. Mkate ni chachu. Biskuti ni chachu. Bia iliyofanywa kwa shayiri ni chachu. Makombo ya keki katika mfuko wa koti la mtoto ni chachu.

Basi, majuma kadhaa kabla ya sikukuu kazi huanza. Makabati hutolewa vitu vyote na kufutwa. Viti huinuliwa na chini yake kufagiwa. Jiko husuguliwa. Kisha huja habari ya vyombo. Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: chombo hutoa chachu kwa njia ile ile kilivyoipokea. Sufuria ya chuma iliyopikiwa kwa maji huachwa saa 24 bila kutumika, ndipo huchovywa katika maji yanayochemka. Chuma kilichochomea chakula juu ya moto hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu. Lakini chungu cha udongo hakitakasiki kwa njia hizo, maana udongo hunywa chakula usikitoe tena. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi huwa na vyombo vya Pasaka peke yake, ambavyo hukaa ndani ya masanduku karibu mwaka mzima.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho kabla ya sikukuu, watu wa nyumbani hutafuta chachu chumba kwa chumba. Desturi ya zamani ni kutumia mshumaa, unyoya wa ndege na kijiko cha mti. Wengi huficha vipande kumi vya mkate, ili watoto wapate kuvitafuta kwa furaha. Asubuhi yake hivyo vilivyopatikana huchomwa moto.

Na chakula kingi ambacho mtu hataki kukitupa? Huuzwa. Rabi, yaani mwalimu wa dini, huandikiwa hati na watu wake, naye huiuza chachu yao kwa mtu asiye Myahudi. Kabati hufungwa. Baada ya sikukuu chakula hununuliwa tena. Hiyo si michezo. Ni biashara halali yenye hati.

Mwisho mwenye nyumba hutamka kwamba chachu yoyote iliyobaki asiyoijua si kitu, ni kama vumbi la nchi. Maneno hayo yaliandikwa kwa Kiaramu, kwa kuwa zamani hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya watu wengi. Na walimu wao wanasema kwamba asiyeelewa Kiaramu aseme kwa lugha anayoielewa. Kusema maneno usiyoyajua maana yake hakutoshi.

SABABU ZA KUONDOKA

Mmekwisha kuona ukubwa wa kazi. Sasa ulizeni: nani huifanya? Katika nyumba nyingi ni mama. Tuseme yuko mama katika mji wa New York, naye ana kazi ya ofisi na watoto wanne. Anarudi jioni, anasugua jiko mpaka usiku wa manane. Usiku wa Sederi, wengine wanaposimulia habari ya kutoka utumwani, yeye anasinzia mezani. Si ajabu aseme, "Mwaka kesho twende hotelini."

Tangu zamani za karne ya 20 hoteli zimekuwako kwa kazi hiyo. Katika milima ya Catskill, kaskazini ya mji wa New York, kulikuwa na hoteli kubwa za Wayahudi, kama Grossinger's na Concord, ambazo zilipokea wageni kwa sikukuu hii. Grossinger's ilifungwa mwaka 1986, na Concord mwaka 1998. Lakini desturi ya kusafiri haikufa. Siku hizi watu huenda Florida, Italia, Ugiriki na nchi nyingine. Hoteli hutakasa majiko yake chini ya msimamizi wa sheria za chakula, na mgeni hukuta meza imekwisha andaliwa. Gharama yake ni kubwa: mara nyingi ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Jamaa ya watu sita ikihesabu hivyo, wengi hushindwa.

Wako pia wasafiri wa namna nyingine. Tangu mwaka 1989 kumekuwa na Sederi kubwa katika mji wa Kathmandu, nchi ya Nepal, kwa ajili ya vijana wa Israeli wanaotembea sehemu zile. Hukusanyika watu zaidi ya elfu moja. Hao hawakukimbia kazi ya jikoni. Walikuwa mbali na kwao tu, wakatafutiwa mahali.

Na njia ya kusafiri iliyo rahisi kuliko zote ni kwenda kwa wazazi, au kwa ndugu. Hapo kazi hugawanywa, na wajukuu husikia habari kwa babu na bibi zao.

SHERIA YA MSAFIRI

Huenda mtafikiri kwamba kusafiri ni jambo jipya. Sivyo. Wakati Hekalu liliposimama Yerusalemu, Pasaka yenyewe ilikuwa sikukuu ya safari. Watu waliacha vijiji vyao wakapanda kwenda Yerusalemu, wakachinja kondoo huko. Warumi walipoliharibu Hekalu mwaka 70, dhabihu ilikoma, na meza ya nyumbani ikawa ndiyo mahali pa Pasaka.

Tena Kitabu cha Hesabu kinataja mtu aliyekuwa katika safari ya mbali asiweze kufanya Pasaka kwa wakati wake. Huyo alipewa siku nyingine, mwezi mmoja baadaye.

Walimu waliokusanya sheria katika kitabu kiitwacho Talmudi waliuliza pia habari za mtu anayesafiri baharini, au anayeondoka na msafara. Je, aitafute chachu nyumbani mwake? Walijibu hivi: akiondoka siku 30 kabla ya Pasaka, au chini ya hapo, sharti aitafute kwanza. Akiondoka mapema zaidi, hana lazima, ila kama anakusudia kurudi kabla sikukuu haijaisha. Leo hakuna msafara wa ngamia, kuna ndege. Lakini hesabu ya siku 30 ni ile ile. Kwa hiyo mtu anayekwenda hotelini wiki moja kabla hawezi kufunga mlango tu na kuondoka. Lazima aitafute chachu usiku kabla ya safari, au afanye mpango na rabi wake juu ya nyumba na chakula kinachouzwa. Tena, akienda nchi za mashariki, ambako jua huchwa mapema kuliko kwao, amwambie rabi, ili chachu yake iuzwe kabla sikukuu haijamfikia.

TUPIME PANDE MBILI

Wanaopenda kukaa nyumbani husema: kazi yenyewe ni somo. Mtoto aliyeshika mshumaa na kutafuta vipande kumi vya mkate hatausahau usiku ule. Tena husema: mwanzo wa Hagada mna mwaliko kwa kila mwenye njaa, aje ale. Maskini aweza kubisha mlango wa nyumba. Hawezi kuingia katika ukumbi wa hoteli bila tikiti. Na iko desturi ya kale sana ya kuchangia fedha za unga kwa maskini kabla ya Pasaka. Mwenye kwenda hotelini aikumbuke hiyo kwanza.

Wanaosafiri hujibu: sikukuu ni ya furaha na ya uhuru, na mama aliyechoka kama mtumwa hana uhuru. Neno hilo ni la haki. Lakini wengi wao wenyewe husema pia, "Vumbi si chachu." Maana yake ni kwamba kuosha mapazia na kupaka dari rangi si sheria ya Pasaka, ni usafi tu, waweza kungoja. Nyumba ikifuata sheria peke yake, na baba na watoto wakashika fagio, mzigo hupungua sana.

Mwaka 2020 jambo hili lilijaribiwa. Ugonjwa wa korona ulienea, hoteli zikafungwa, ndege hazikuruka. Usiku wa tarehe 8 Aprili serikali ya Israeli ilikataza watu kutoka nyumbani. Watu waliozoea hoteli miaka mingi walilazimika kununua sufuria na kuuliza: tunaanzaje? Wengine walikaa mezani peke yao. Aliyejifunza kazi hiyo utotoni aliweza. Asiyejifunza alipata shida.

Hata Afrika ya Mashariki tunao mfano. Karibu na Mbale, Uganda, wako Wayahudi waitwao Abayudaya, ambao mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alianza kushika dini hiyo mwaka 1919. Katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, dini yao ilikatazwa. Waliobaki nayo waliishika kwa siri nyumbani mwao. Jengo laweza kufungwa na serikali. Lakini aliyoyajua mzazi hayafungiki kwa kufuli.

Basi, lipi bora? Kila jamaa itaamua kwa kadiri ya afya yake, fedha zake na umbali wa ndugu zake. Mgonjwa, mjane, au mama mwenye mtoto mchanga asilaumiwe akienda mahali palipoandaliwa. Lakini kwa nyumba yenye nguvu tungesema hivi: mkisafiri, msiwanyime watoto kazi. Watafute chachu kabla ya safari. Wajue kwa nini sufuria huchemshwa. Na miaka mingine kaeni nyumbani, ili siku mlango wa hoteli utakapofungwa, awepo mtu nyumbani anayejua njia.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini Wayahudi hawali chachu siku za Pasaka?
2. Chombo cha udongo kina tofauti gani na sufuria ya chuma?
3. Mtu akisafiri siku kumi kabla ya Pasaka, lazima afanye nini kwanza?
4. "Vumbi si chachu." Elezeni maana ya maneno haya.
5. Zungumzeni: katika sikukuu zenu ninyi, nani hufanya kazi nyingi kuliko wote? Kazi hiyo yaweza kugawanywaje?

Andikeni daftarini sentensi hii, kwa herufi nzuri: Usiku wa Pasaka mtoto huuliza, na mzazi hujibu.

Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.