Je, Wajua? Barua ya mapenzi iliyotikisa dunia

Mei 4, 2000, watu walianza kupokea barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU", tena kutoka kwa mtu wanayemfahamu. Nani angeacha kuifungua? Ndani mlikuwa na faili, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ujanja wote ulikuwa kwenye herufi tatu za mwisho. Windows ilizificha, macho yakaona TXT, maandishi tu, kumbe ni programu. Ukiibofya, inaharibu picha zako, kisha inajituma yenyewe kwa kila aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Hata Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake kwa muda. Mshukiwa alipatikana Manila, Ufilipino, akaachiwa: sheria ya kumbana haikuwepo.

Ajabu ni kwamba Windows huficha herufi hizo hadi leo, usipoiagiza vingine. Fungua File Explorer, ingia menyu ya View, utafute "File name extensions" uiwashe. Faili linalojiita picha au risiti halafu linaishia na .exe, .vbs au, kwenye simu, .apk, lifute. Limetoka kwa shemeji? Mpigie kwanza, huenda hata hajui kwamba ametuma kitu.